Kuitikisa Nazi Sikioni

Mnunuzi wa nazi anayejua kununua hutumia sikio kuliko jicho. Hapa Miritini, kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu ya Nairobi, nawaona akina mama wakiiokota nazi, wakaisogeza sikioni na kuitikisa mara mbili tatu. Maji yakilia vizuri, nazi huingia kikapuni. Yasipolia, hurudi kwenye fungu. Siku moja niliokota ya kwanza iliyonijia mkononi na kutoa pesa. Mama muuzaji akanizuia. "Mwanangu, itikise kwanza," akaniambia. "Nazi haina dirisha."

Neno hilo nimelibeba hadi kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote: kusikiliza albamu za roki na metali kutoka kila pembe ya dunia, hasa zile ndefu na tata zinazoitwa roki ya progresivu, na kuziandikia uhakiki. Wengi huiona kazi hii kama uvivu. Mtu kajilaza mkekani, spika masikioni, kisha anaamka na kutoa hukumu. Mimi nasema ni ufundi kamili, una vifaa vyake, miiko yake na jasho lake, na fundi wake anastahili kusifiwa kama anavyosifiwa seremala au mshonaji.

Muziki wenyewe ndio unaoudai ufundi huo. Mwaka 1969 kundi la King Crimson la Uingereza lilitoa *In the Court of the Crimson King*, albamu nzima yenye nyimbo 5 tu. Mwaka 1972 Yes wakatoa *Close to the Edge*, ambayo wimbo wake mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Na mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mwaka 1946 na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alitunga "The March of the Black Queen", wimbo wa mwaka 1974 unaobadili sura mara nyingi ndani ya dakika 6 na ushei. Baadaye wapigaji wa metali wakauchukua urefu huo wakauongezea uzito. Wimbo wa dakika 20 ni safari. Atakayetaka kuwasimulia wenzake lazima asafiri mwenyewe mpaka kituo cha mwisho, tena zaidi ya mara moja.

Kila mpishi wa Pwani anajua kwamba nazi ikishakunwa, tui la kwanza ndilo zito, na kila ukirudia kuikamua tui huwa jepesi mpaka ibaki chicha. Albamu hizi hukamuliwa kinyume chake. Ukizisikiliza mara ya kwanza hupati ila maji: mshangao, makelele, pengine kero. Mara ya pili weupe unaanza kuonekana. Uzito huja mara ya nne au ya tano, sikio likishaacha kushtuka na kuanza kutambua kwamba sauti ile ya gitaa iliyopita mwanzoni imerudi tena karibu na mwisho, ila imevaa nguo nyingine. Aandikaye baada ya mkamuo wa kwanza huwapa watu maji akadai ni tui.

Nayajua haya kwa sababu nimewahi kukosea. *Catch Thirtythree* ni albamu ya Meshuggah, kundi la Uswidi, iliyotoka mwaka 2005. Dakika zake 47 zimegawanywa vipande 13, lakini kwa hakika ni wimbo mmoja. Mara ya kwanza niliisikiliza ndani ya matatu nikitoka mjini, magari yamekwama, kondakta anaita abiria mlangoni. Nilipofika nyumbani nikaandika kwamba muziki huu ni mashine ya kusaga mawe, hauna njia wala mwendo. Nilijiona nimesema kweli.

Wiki ile ile stima zikapotea usiku. Mtaa ukatulia, zikabaki sauti za matrela yakishuka kuelekea bandarini na, kwa mbali, honi ya treni kwenye kituo cha reli mpya kilichofunguliwa hapa kwetu mwaka 2017. Nikairudia albamu gizani. Safari hii niliweka mikono yote miwili mkekani: wa kulia ukahesabu nne kwa kufuata upatu, wa kushoto ukafuata magitaa. Mikono ikakataa kwenda pamoja. Upatu ulikuwa ukitembea sawasawa, moja mbili tatu nne, ilhali magitaa na ngoma ya chini vilizunguka kwa vipande visivyolingana, vikatangatanga, kisha ghafla vikakutana na upatu mahali pamoja kana kwamba vilikuwa vimeahidiana. Nilisisimka mwili mzima. Muziki niliosema hauna njia ulikuwa na njia mbili, na zote zinafika.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na ufunguo tangu utotoni. Mtoto wa Mombasa aliyekulia kwenye harusi ameisikia chakacha. Mapigo yake sita unaweza kuyagawa mawili mawili au matatu matatu. Kiuno hufuata hesabu moja na makofi yakafuata nyingine, na hakuna anayepotea. Sikio langu lilijua kukaa katika hesabu mbili kwa wakati mmoja. Haraka ndiyo iliyolinyima nafasi. Nikaichana ile karatasi nikaanza upya, na tangu hapo siandiki neno kabla vidole havijahesabu.

Baada ya kuhesabu, kifaa cha pili cha fundi huyu ni kuuliza. Mwaka 2020, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, mwenye sauti, na Sam Karugu, mwenye magitaa na mitambo. Kundi liliitwa Duma, na albamu pia inaitwa hivyo. Mswahili akilisikia jina hilo anamwona yule mnyama mwenye mbio kuliko wote, na muziki wao unakwenda mbio kweli: ngoma zinamiminika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ningeweza kuandika aya nzima ya kupendeza juu ya duma, makucha yake na mbuga, na yote ingekuwa ya uongo. Jina lilichukuliwa kutoka Kikikuyu, kwa maana ya giza. Ukishajua hivyo, albamu inabadilika masikioni. Ulichodhani ni mwendo wa mnyama anayekimbilia windo kinakuwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

Hata ukelele wa Khanja unadai kuulizwa. Wengi huusikia wakasema ni hasira tu. Hebu sikiliza pumzi. Sauti inasukumwa kutoka tumboni, inakwaruzwa, inapandishwa hadi kuwa uzi mwembamba na kushushwa hadi kuwa mngurumo, na kila mara inarudi pale pale kwenye pigo. Huo ni ujuzi wa mazoezi mengi. Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, *The Adept*, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal, na ambaye ni wa ukoo wake. Mhakiki akilijua jambo hilo na kuliweka mahali pake, msomaji anaelewa ukelele ule umetoka msitu gani.

Kifaa cha tatu ndicho kigumu kwangu: kutojipendelea. Kuna kundi la metali kutoka Tunisia liitwalo Myrath, jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa, maana ni mirathi ile ile. Albamu yao ya mwaka 2011, *Tales of the Sands*, inachanganya magitaa mazito na maqamu za Kiarabu. Fidla zilipopanda, mimi nilikuwa nimeshafika Mji wa Kale, kwenye taarabu, nasubiri udi uitikie. Nikaandika sifa tele. Nilipozisoma tena niligundua kwamba nilichokuwa nikikisifu ni utoto wangu, na albamu yenyewe nilikuwa sijaigusa. Ikanibidi niisikilize tena nikijiuliza maswali ya fundi: fidla hizi zimefumwa ndani ya wimbo au zimebandikwa juu yake? Ukizitoa, wimbo utasimama? Mara nyingi jibu lilikuwa zimefumwa, na sasa niliweza kulisema kwa moyo mweupe. Ndani ya neno uhakiki mna haki. Haki yenyewe huanza kwa mhakiki kuyahoji yale anayoyapenda mwenyewe kabla ya kuyapima ya wenzake.

Nami huandika kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu iliumbwa na watu waliosikiliza. Nyuki huvuma, ngoma hurindima, radi hunguruma, mzigo ukianguka hutoa kishindo, pango hurudisha mwangwi. Gitaa la besi linalovuma si sawa na linalorindima, na msomaji anayatofautisha bila kuelezwa zaidi. Sisi wa Miritini tuna hata shule ya ziada. Tunaishi kati ya makontena, na mtoto wa hapa hujua kwa sauti pekee kama kontena linaloshushwa limejaa au ni tupu. Lililo tupu ndilo lenye kelele zaidi. Zipo albamu nyingi za metali zenye sauti ya kontena tupu, na zipo zinazotua chini kwa mshindo mfupi mzito ukajua ndani mna mali.

Wala ufundi huu haukuja na meli juzi. Hapa Mombasa, Juma Bhalo alipokuwa akiimba, mpenzi wa taarabu hakuinuka ovyo kwenda kumtunza. Alikaa, akasikiliza, akangoja ubeti uliomfikia, ndipo akaenda na noti yake mkononi, na ukumbi mzima ukajua ni neno lipi lililomgusa. Ule ulikuwa uhakiki wa hadharani. Mwandishi hufanya jambo lile lile kwa kalamu: anasubiri, anachagua pahali, anainuka mbele za watu na kusema, ni hapa.

Nazi ukiivunja nyumbani ikatoka mbovu, unairudisha kibandani na muuzaji muungwana atakupa nyingine. Saa moja ya mtu haina muuzaji wa kuirudishia. Kijana wa mtaani kwetu akinunua bando kwa shilingi zake chache, akakaa chini ya taa ya duka kusikiliza albamu ya dakika 47 kwa sababu nilisema inafaa, bando likiisha limekwisha, na usiku wake pia. Ananiamini kama mtu anavyomwamini mama wa nazi. Kwa hiyo kabla sijamwambia "chukua hii", huiweka albamu sikioni tena, mara ya tano, ya sita, na kuitikisa.