Fundi Betri wa Kibarazani

Betri ya pikipiki ikilala, wengi wetu tunajua dawa moja: kuipeleka kwa mwenye chaja ya gari, kuibana na kuifuata baada ya saa moja. Inarudi ina joto, stata inaitika siku mbili, kisha unarudia kupiga kiki. Ndiyo maana napenda kumtazama mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mstaafu wa gereji, anayechaji betri kibarazani kwake. Betri ndogo inataka umeme mdogo kwa muda mrefu, na yeye muda anao.

Kazi inaanza na spana namba 10. Waya wa hasi ndio unaotoka kwanza, hata kama mteja amesimama juu yake akihema. Fremu imeungwa na hasi; ukianza na chanya, spana ikagusa chuma, ni shoti papo hapo. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia. Ukungu mweupe kwenye ncha anausugua kwa maji yenye magadi soda, vizibo vikiwa vimekazwa, maana magadi yakipenya ndani yanaipooza tindikali.

Halafu anaiinua betri kwenye mwanga na kuchungulia maji kupitia plastiki. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ubavuni kuna mistari miwili, wa juu na wa chini, na mwenye pupa angejaza hadi wa juu. Mzee anaongeza kiasi cha kufunika bamba za risasi tu, basi. Betri inapochajiwa maji hupanda; ukiijaza mwanzoni, tindikali itafurika usiku na kula sakafu. Kujaza hadi juu ni kazi ya asubuhi. Anachoongeza ni maji yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Tindikali haongezi, kwa kuwa kinachopungua kwa kawaida ni maji. (Dukani chupa hizo mbili hufanana sana. Soma lebo.)

Kanuni yake ni moja ya kumi: betri ya Ah 7 inapewa ampea 0.7, kwa saa kumi na zaidi. Betri iliyoisha chaji bamba zake zimevaa salfeti ya risasi, na salfeti hiyo hurudi kuwa risasi na tindikali kwa mwendo wake yenyewe. Ukiisukumia ampea 10 za chaja ya gari, umeme usiopata kazi unaishia kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kwa hiyo betri hailali chumbani wala karibu na jiko; inakaa kibarazani, vizibo vimelegezwa, watoto mbali. Vibano hufungwa chaja ikiwa imezimwa, na chaja huzimwa tena kabla ya kuvitoa. Miwani haimtoki usoni.

“Mzee, ongeza moto kidogo, nina abiria,” kijana wa bodaboda alimsihi jioni moja.

“Mwanangu, kesho asubuhi.”

Kila baada ya muda anagusa ubavu wa betri kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu anauacha, ikikaribia nyuzi 50 anazima, aisubiri ipoe. Zile zilizozibwa kabisa hazichokonoi kamwe: anazitafutia chaja inayojizuia karibu na volti 14.4. Za lithiamu, kama za pikipiki za umeme, hazipokei kabisa, kwani zinataka chaja zake zenyewe.

Asubuhi mteja huona taa ya chaja imebadilika akadhani kazi imekwisha. Mzee anaiacha betri ipumzike saa kadhaa ndipo aweke mita, kwa sababu volti inayosomwa papo hapo ni ya kudanganya. Ikisimama 12.6 au 12.7, imeshiba. Ikiwa 12.2, imebaki nusu, inarudi kwenye chaja. Ile ya kijana ilisoma 10.6. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa zaidi kidogo ya volti mbili. Moja ilikuwa imekufa. Kijana aliomba ijaribiwe usiku mwingine. Mzee alikataa, akakataa na pesa, akamwambia akanunue nyingine na hiyo aipeleke kwa wanaonunua betri mbovu, asiivunje nyumbani, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni.