Kierkegaard Mikononi mwa Wahungaria

Atakaye kujua jinsi Søren Kierkegaard alivyopokelewa Hungaria hana budi kuanza na György Lukács, wala si na kanisa. Katika kitabu cha insha alichokitoa Budapest mwaka 1910, Lukács alimtazama mwana huyo wa Denmark kwa dirisha moja tu: uchumba wake na Regine Olsen, alioukatiza mwaka 1841. Aliona humo tendo ambalo kwalo mtu hujaribu kuyapa maisha yake umbo la hakika. Naye akahukumu kwamba maisha hayakubali kufungwa hivyo.

Insha hiyo ni nzuri, tena ina huzuni ya kweli. Hata hivyo twaona imeliacha jambo kuu. Shabaha ya Kierkegaard si tendo lenyewe, bali ni mtu asimamaye peke yake mbele za Mungu. Ukimwondoa Mungu, Ibrahimu wa Kuogopa na Kutetemeka hubaki mtu mwenye kisu tu.

Na kisu hicho kilionekana. Desemba 1918 Lukács aliandika kwamba Ubolsheviki wamtaka mtu aamini kuwa wema waweza kuzaliwa na uovu, na kwamba yeye hawezi kuishiriki imani hiyo. Mwezi huohuo akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1919 akafundisha kwamba mwanamapinduzi aweza kulazimika kuua, hali akijua ya kuwa kuua ni hatia isiyo na udhuru. Wako waonao hapa mtu aliyegeuka kabisa. Sisi twamwona Kierkegaard yuleyule, aliyenyang'anywa Mungu wake. Mwaka 1954 Lukács alimhesabu miongoni mwa waliobomoa akili ya Ulaya, hukumu ambayo kwa maoni yetu haina haki.

Kati ya wanateolojia, Sándor Tavaszy wa Kolozsvár, mwenezaji wa mafundisho ya Karl Barth kati ya Wahungaria, aliandika juu yake mwaka 1930. (Alikuwa Mkalvini, jirani ndiye aliyemtunza mtoto wetu.)

Ama–Au ilipotolewa Budapest mwaka 1978, maelezo yake yaliandikwa na Ágnes Heller, mwanafunzi wa Lukács, aliyekuwa amekwisha kuihama nchi. Lakini kitabu hicho humalizika kwa mahubiri ya mchungaji wa Jutland, asemaye kwamba mbele za Mungu sisi sikuzote tumekosa. Twashauri wanafunzi wetu waanze kukisoma kutoka ukurasa huo.