Ekari, Hekta na Hatua Sabini: Vipimo katika Usemi wa Nyamagana

Tanzania ilipoanza kuacha ratili na yadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya kuchagua majina ya vipimo vipya ilionekana nyepesi: kilo, lita, mita na hekta zilipewa umbo la Kiswahili, zikaingizwa vitabuni. Usemi wa watu, hata hivyo, haukuzipokea zote kwa namna moja.

Kilo ilishika. Kwa Wasukuma mizani ilikuwa jambo zito. Malalamiko ya wakulima wa pamba juu ya mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyochochea ushirika, hata Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria ukaundwa mwaka 1955. Bei ilipohama kutoka ratili hadi kilo, neno lilihama pamoja na fedha. (Wavuvi nao hutaja macho ya nyavu za makila kwa inchi na ya nyavu za dagaa kwa milimita, wala hawaoni ajabu.)

Hekta haikupata bahati hiyo. Shamba hupimwa kwa miguu, na kanuni ya miguu ni hatua 70 kwa 70. Kanuni hii si ya kubahatisha: hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,840. Lakini wako waliobadili hatua kuwa mita na nambari wakaiacha vile vile. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Ekari halisi ni 4,047. Tofauti ni 853, yaani zaidi ya sehemu ya tano ya ekari. Huko Buhongwa na Kishiri, ambako shamba la jana ni kiwanja cha leo, muuzaji apimaye hivyo hutoa ardhi asiyolipwa. Na mkulima atiaye mbolea ya ekari moja katika eneo hilo huipunja mimea yake.

Kosa si la mkulima. Ni la wasanifu wa istilahi, waliodhani kwamba kutohoa jina ni kuhamisha kipimo. Hekta ilikuwa kubwa mno kwa mwenye jembe, mita ya mraba ndogo mno. Ari, yenye mita za mraba 100, haikuzoeleka kamwe. Kilichokosekana ni kanuni ya kukariri. Mita 64 kwa 64 ni mita za mraba 4,096, nayo si ngumu kuikumbuka kuliko 70.