Kituo Kabla ya Kicheko

Mwaka 1895 Mark Twain alichapisha makala kuhusu namna ya kusimulia hadithi ya kuchekesha. Alishikilia kuwa utamu wake umo katika usimuliaji, na kwamba nyenzo mojawapo muhimu mno ya msimulizi ni kituo. Kituo kikizidi au kikipungua kidogo tu, kicheko hakitoki. Hoja hiyo ni mizani nzuri ya kupimia rekodi za LibriVox.

LibriVox ilianzishwa Agosti 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Wasomaji wake hujitolea bila malipo, nao husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Rekodi huwekwa Internet Archive, na yeyote anaruhusiwa kuzichukua.

Insha za kuchekesha zinaufaa sana mpango huo. "Love Conquers All", mkusanyiko wa Robert Benchley wa mwaka 1922, una insha fupifupi ambazo mtu humaliza kurekodi moja kwa kikao kimoja. Msomaji hurekodi nyumbani, mara nyingi kwa Audacity, programu isiyolipiwa, kisha hutuma faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde. Mwenzake hulisikiliza lote na kuorodhesha neno lililorukwa, sentensi iliyorudiwa na kelele iliyopenya.

Ukaguzi huo hulinda maneno. Uigizaji huachiwa msomaji mwenyewe, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Katika insha yake juu ya makosa ya kifasihi ya Fenimore Cooper, Twain anadai kuwa mwandishi huyo alitenda makosa 114 kati ya 115 yanayowezekana, tena ndani ya theluthi mbili za ukurasa. Msomaji akiitamka hesabu hiyo huku akichekacheka, utani unakufa. Akiitamka kama hakimu anayesoma hukumu, kisha akatua, msikilizaji atacheka mwenyewe.

Hatari nyingine imo katika uhariri. Audacity ina zana ya kufupisha kimya chote cha rekodi kwa mkupuo mmoja. Katika kitabu cha historia huenda isidhuru. Katika insha ya Benchley inafyeka vituo vyenyewe.

Kwa usahihi wa maneno, utaratibu wa LibriVox unastahili sifa. Anayetaka kuwasomea watu ucheshi aisome insha kwa sauti mara mbili kabla ya kuwasha maikrofoni, atie mkwaju kila mahali pa kutua, na wakati wa kuhariri aviache vituo hivyo kama vilivyo.