Chui wa Unguja na Dhima ya Sitiari

Mwenye kuzipitia tungo zetu humkuta chui mara kwa mara, lakini ni nadra kumkuta mnyama mwenyewe. Chui wa tungo ni dhalimu, ni hasidi, ni rafiki aliyevaa ngozi ya kondoo. Hapana ubaya, sitiari ndiyo roho ya ushairi. Ila sisi wa Unguja lipo la kutuzuia kalamu kidogo: kisiwa hiki kilikuwa na chui wake, na katika kutoweka kwake lugha ina sehemu yake.

Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, madoa yake madogo na ya kukatikakatika. Mtaalamu Pocock alimwainisha mwaka 1932 kwa jina la adersi. Leo tumebakiwa na ngozi chache za makumbusho. Picha iliyotangazwa mwaka 2018 kuwa ni yake haijathibitishwa.

Mashamba yalipanuka, misitu ikapungua, mbuzi wa watu wakaliwa. Juu ya hayo likaja neno: mfuga chui. Natulitazame kama tutazamavyo neno ndani ya ubeti. Kuku hufugwa, na mbuzi pia. Lakini mtu hufuga maradhi, hufuga jini, yaani huilea shari kwa siri. Kwa neno hilo mnyama wa msituni akageuka mjumbe wa mchawi. Martin Walsh na Helle Goldman, waliokusanya masimulizi ya vijijini, wameeleza jinsi kampeni ya kuwasaka wachawi na ya kuwaua chui zilivyokwenda pamoja baada ya Mapinduzi ya 1964. Chui akauawa kwa kosa aliloshitakiwiwa binadamu.

Mshairi yamhusu nini hayo? Yamhusu sana, kwani kazi yake ni hiyo hiyo ya kufananisha. Sitiari njema huviacha vitu viwili vikabaki viwili, kimoja kikamulika chenziwe. Sitiari mbovu hukimeza kimoja, na msikilizaji asijue kuwa kimeliwa. Hiki ndicho kipimo ningependa tukitumie tunapozihakiki tungo za wanyama, kabla hata ya kuhesabu mizani na vina.

Wala si habari ya waliokwisha tu. Jozani yupo kima punju, asiyepatikana kwengine ila visiwani humu, na punju ni sumu. Naye amekwisha kubandikwa jina. Atakayemtia katika ubeti, basi kwanza amwendee akamtazame.