Usisifu Faili Ambalo Hujalifungua

Kuna faili la Markdown linasifiwa siku hizi hadi linaitwa kielelezo. Wanaolisifu wameona ukurasa uliokwisha kugeuzwa: vichwa vinene, orodha zimejipanga, jedwali limenyooka. Nimelifungua. Vichwa vyote ni aya zilizokolezwa kwa vinyota, alama ya reli hakuna hata moja. 
 Mabaki ya HTML yametapakaa kila pembe, na alama za kunukuu zimetanguliwa na mikwaju ya kinyume, dalili ya kazi iliyotoka Word ikapitishwa kwenye kigeuzi bila kuoshwa. Pandoc, kigeuzi cha John MacFarlane, ni chombo bora, lakini kufua si kazi yake.

John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004, akishauriana na Aaron Swartz, kijana wa miaka 17, shabaha kuu ilikuwa faili lisomeke lilivyo, hata kama halitageuzwa kamwe. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kazi nzuri huisoma kwenye Notepad na macho hayajikwai.

Mengine ni mepesi. Orodha ni kwa kistari, si kwa kinyota. Kiungo kirefu hukaa chini ya aya, hakimwagwi katikati ya sentensi. Anayefika kichwa cha ngazi ya nne hajui anachotaka kusema. Na aliyejifunzia WhatsApp, ambako kinyota kimoja hukoleza, ajue kwamba huku kimoja hulaza herufi, viwili ndivyo hukoleza.

Sasa mwisho wa mstari, mahali ambapo mwanagenzi hatazami. Andika ubeti wa utenzi, mishororo minne, kila mmoja kwenye mstari wake, kisha ugeuze kwa kanuni za Gruber. Inatoka sentensi moja ndefu, vina vimezama ndani yake. Dawa yake ni nafasi mbili mwishoni mwa mshororo. Hazionekani, na ndiyo taabu yake: programu nyingi za kuandikia huzifyeka unapohifadhi, ukadhani umechezewa. CommonMark, kanuni sanifu za Markdown zilizotangazwa mwaka 2014, zinakubali mkwaju wa kinyume badala yake, nami nausifu kwa sababu jicho linauona.

Laghai hukwepa yote hayo. Husogeza ubeti mzima nafasi nne ndani, mishororo ikae palepale. Kumbe ameugeuza utenzi kuwa msimbo wa kompyuta, wenye herufi za mashine. Nimeona diwani nzima imepangwa hivyo na mpangaji akalipwa.

Fundi utamjua kwenye mshororo wa nne. Mvunjo haufanyi kazi mwishoni mwa aya, kwa hiyo anayebandika mikwaju bila kufikiri huachiwa mmoja wa mwisho umechapwa waziwazi mwishoni mwa ubeti. Mhariri mmoja wa ushairi niliyemjua hakuanza kwa kusoma shairi. Alipeleka kishale mwisho wa kila mshororo, akafika wa nne, akiona chochote pale anarudisha kazi. Waliolalamika kwamba nafasi mbili za ziada hazidhuru aliwajibu kwa kuwarudishia tena. Sijaona mhariri wa namna hiyo siku hizi. Sasa kuna kitufe cha kukoleza, na watu wanakibonyeza.

Hata vichwa vya kupigiwa mstari chini kwa alama za sawasawa au vistari vinatoweka. Vimetokana na setext ya Ian Feldman ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vina ngazi mbili tu, zinazotosha. Katika faili ghafi hakuna kichwa kinachovishinda kwa heshima, na sitaki ubishi.

Ukitaka nihukumu kazi yako, nitumie .md yenyewe. Picha ya skrini siifungui.