Kabla taarifa ya benki haijaingia kwenye programu ya hesabu

Runzewe, wilayani Bukombe, fedha ya duka moja hailali mahali pamoja. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akija kuchukua mipira ya chuma na mkanda wa mota, analipa kwa Lipa Namba, namba ya simu ya kupokelea malipo ya biashara. Dereva wa lori linaloelekea Rusumo anatuma kwenye laini ya kawaida, tena ya mtandao mwingine. Mchimbaji aliyetoka kuuza dhahabu analipa taslimu, na jioni taslimu hiyo inapelekwa kwa wakala wa benki. Mwezi ukiisha, mwenye duka anabaki na taarifa tatu au nne, kila moja na mpangilio wake, na hakuna hata moja inayoeleza biashara yote.

Taarifa ninazozichambua hapa ni za duka la vipuri vya mashine za wachimbaji wadogo. Mwenye duka aliniruhusu nizitumie kwa sharti kwamba asitajwe, na viwango vya fedha nimevibadilisha. Kijana anayemshikia daftari alizipakua na kuziingiza moja kwa moja kwenye GnuCash, programu ya hesabu isiyolipiwa ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Programu ilizipokea bila kulalamika, kisha ikatoa mapato yanayokaribia mara mbili ya mauzo yaliyomo kwenye daftari la kaunta. Wengi huichukulia kazi ya kusafisha taarifa kuwa ni ya kupendezesha maandishi tu. Duka hili linaonyesha kwamba hapo ndipo hesabu inaponyooka au kupinda.

Kosa kubwa lilikuwa fedha ya mwenye duka kuhama kutoka mfuko wake mmoja kwenda mwingine. Tarehe 12 Mei alitoa shilingi 2,000,000 benki akaziweka M-Pesa ili amlipe msambazaji wa Mwanza. Taarifa ya benki ikaandika fedha imetoka. Taarifa ya simu ikaandika fedha imeingia. Kila moja ilisema kweli. Zilipokutana kwenye programu, benki ikahesabiwa kuwa imetumia milioni mbili, na M-Pesa ikahesabiwa kuwa imeuza milioni mbili. Siku tatu baadaye fedha za Lipa Namba zikahamishiwa benki, na hesabu ikavimba tena upande wa pili.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tanzania, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kodi kwa mauzo ghafi. Duka lenye mauzo ya milioni 60, ambalo mwenyewe amehamisha milioni 50 kati ya akaunti zake, linasomeka kwenye hesabu mbovu kuwa limeuza milioni 110. Mtu anaweza kujitoa mwenyewe kwenye kundi lake la kodi kwa sababu hakutenganisha kuuza na kuhamisha.

Tiba yake ni safu moja ya ziada, na ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu zaidi. Pembeni mwa kila mstari iliongezwa safu ya akaunti ya pili: fedha hii imetoka wapi au imekwenda wapi? GnuCash hufanya hesabu za pande mbili, hivyo kila muamala lazima utaje akaunti mbili. Kwenye mstari wa 12 Mei, badala ya matumizi, iliandikwa M-Pesa. Ilipofika zamu ya taarifa ya simu, programu ilitafuta muamala uliokwisha kuingizwa wenye kiasi kilekile na tarehe ya karibu, ikapendekeza kwamba huu ndio ule. Kazi ya mtu ni kukubali uoanishaji huo, asiongeze mstari mpya.

Uoanishaji ulikataa mahali pengi mwanzoni, na sababu ilikuwa makato. Benki ya duka hili ilikuwa inaunganisha ada na kiasi kilichohamishwa. Tuseme ada ni 5,000: upande mmoja panasomeka 2,005,000, upande mwingine 2,000,000, na programu haiwezi kujua kuwa ni safari moja ya fedha. Mistari ya namna hiyo ilipasuliwa miwili, mmoja wa kiasi kilichohama na mwingine wa ada. Nasisitiza kupasua, si kurekebisha tu ili kiasi kilingane, kwa sababu ada ni gharama halali ya biashara, na kwa duka linalohamisha fedha kila siku ada za mwaka mzima si za kupuuzwa.

Kenya tatizo hilo linakuja kwa sura nyingine, na ni mtego mbaya zaidi. Taarifa ya M-Pesa ya huko huandika ada kwenye mstari wake, lakini mstari huo hubeba namba ileile ya muamala mkuu. Mtu akilipa kwa Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, mstari wa mkopo nao hubeba namba hiyo. Sasa mhasibu makini anabofya amri ya kuondoa mistari iliyojirudia kwa kuangalia namba ya muamala, na kwa mbofyo mmoja ada zote za mwezi zimefutika. Namba ya muamala peke yake haitoshi kutambua marudio. Iangaliwe pamoja na kiasi, maelezo na salio linalofuata.

Madhara mengine hutokea kimyakimya, pale faili linapofunguliwa kwa Excel. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 03/04/2025 kuwa 4 Machi. Lakini 13/04/2025 haiwezi kuisoma hivyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, basi inaiacha kama maandishi. Matokeo yake siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zinatawanyika mwaka mzima, na zilizobaki zinakaa mahali pake. Dalili inaonekana kwa macho: kwenye safu ya tarehe, zilizogeuzwa zimeegemea kulia na zilizoachwa zimeegemea kushoto. Ukiona safu imegawanyika hivyo, usirekebishe kwa mkono. Funga bila kuhifadhi, uanze upya kutoka faili la asili.

Namba ndefu nazo huumia. Excel hushika tarakimu 15 tu. Rejea ya benki yenye tarakimu 18 hugeuzwa tatu za mwisho kuwa sifuri, na sifuri ya mwanzo ya namba ya simu hudondoka. Si wenye maduka peke yao wanaoumizwa na tabia hii. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha baadhi ya majina, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Dawa ni kuiambia programu, kabla faili halijafunguka, kwamba safu ya rejea na ya simu ni maandishi. LibreOffice Calc huuliza hilo kwenye dirisha la kwanza, na ndiyo maana kwa kazi hii naipendelea.

Kinga inayoshinda zote ni salio. Taarifa nyingi zina safu ya salio baada ya kila muamala, na watu huifuta kwa kuwa programu haiihitaji. Isifutwe mpaka mwisho. Salio la mstari uliotangulia, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima lilete salio la mstari huu. Kanuni moja, inayotoa salio lililoandikwa kwenye jibu hilo, inaandikwa juu na kuvutwa hadi chini. Kila mahali pasipo sifuri pana kosa, na unaonyeshwa mstari wenyewe. Kwenye faili la duka hili, sifuri zilikatika mahali ambapo kiasi cha 1,250,000.00 kilivunjwa na alama za mkato kikagawanyika safu tatu.

Kuna jambo dogo hapa linalowapotezea watu saa nyingi. Taarifa za simu aghalabu huanza na muamala wa mwisho, kwa hiyo mtu huzipanga upya kwa tarehe na saa. Lakini muamala na ada yake vina saa ileile hadi sekunde. Mpangilio mpya unaigeuza mistari mingine yote ila unaiacha hiyo miwili kwenye mfuatano wake wa zamani, na hesabu ya salio inakatika ingawa hakuna kosa la fedha. Kabla ya kugusa chochote, andika safu ya namba za mistari, 1, 2, 3 hadi mwisho, kisha pindua faili kwa kufuata safu hiyo.

Maelezo ya muamala ndiyo sehemu unayoweza kuihariri kwa uhuru, mradi iwe kwenye safu mpya na ya asili ibaki. GnuCash hujifunza kutokana na maneno: ukiiambia mara chache kwamba mistari yenye jina la msambazaji fulani ni ununuzi wa bidhaa, baadaye itapendekeza yenyewe. Namba za rejea zilizorundikwa kwenye maelezo hazijirudii, kwa hiyo haziifundishi kitu. Mtu mmoja aliyeandikwa kwa namna nne, mara herufi kubwa, mara jina la kati likikatwa, anahesabika watu wanne. Hapo kusafisha kunalipa.

Taarifa za simu za duka hili zilikuja kama PDF iliyofungwa kwa neno la siri. Kishawishi ni kuipandisha kwenye tovuti inayogeuza PDF kuwa jedwali bila malipo. Nakataa kabisa. Ndani yake mna majina na namba za simu za wateja, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Programu ya Tabula huchomoa majedwali ya PDF ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na faili halitoki nje ya chumba.

Baada ya yote hayo ilibaki mistari ya kutoa taslimu kwa wakala. Kijana alikuwa ameiweka yote kwenye matumizi. Mwenye duka alipoulizwa, alieleza kuwa baadhi ilikuwa ya kununulia mzigo, baadhi ilikwenda kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, analochangia na wenzake, na mingine hakuikumbuka. Iliundwa akaunti ya taslimu, yote ikahamishiwa humo kwanza, kisha ikatolewa kidogokidogo kadiri risiti na daftari vilivyothibitisha. Iliyokosa uthibitisho ilikaa kwenye akaunti iliyoitwa Haijajulikana, ikiwa na kiasi chake kamili, na mwezi uliofuata kijana alianza kwa kumuuliza mwenye duka mstari mmoja mmoja wa akaunti hiyo kabla hajapakua taarifa mpya.